Milo Sita ya Gichovi

Kabla sijamsema Gichovi vibaya, acha kwanza nimseme vizuri, kwa sababu sehemu hiyo ni fupi. Hakuwa mlevi, hakuwa na mke wa pili, na kila Jumapili aliketi mstari wa mbele kanisani akaimba besi iliyotikisa vioo vya madirisha. Alikuwa mtunza stoo katika ofisi moja ya serikali hapa Embu, wakati kaunti zilipokuwa zingali changa na kila aliyebeba faili alijiona mkurugenzi. Kazi yake ilikuwa kuketi mlangoni pa stoo akiwanyima watu karatasi, sabuni na mifagio, na aliifanya kwa moyo wake wote.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sokoni, ubavuni mwa kibanda cha mkewe, Wanjira, anayeuza mitumba. Kwa hiyo habari za nyumba ile zilinifikia kutoka pande mbili: mke aliniletea maneno, mume akaniletea suruali. Nilikuwa nikizifungua kiunoni mwaka baada ya mwaka, mpaka kitambaa cha akiba kikaisha nikaanza kuongeza kipande cha rangi inayokaribiana. Gichovi alikivaa kipande hicho kwa heshima, na kukifunika kwa koti.

Mambo yalianzia zahanati. Alikuwa ameenda kupimwa presha kwa sababu ya kizunguzungu. Muuguzi akamfunga ule mkanda wa mashine mkononi, mkanda ukakataa kukutana. Akajaribu mkono wa pili, ukakataa vile vile. Akamwita mwenzake, na mwenzake akaleta mkanda mpana zaidi, akasema kwa nia njema kabisa, "Huu tuliutumia mara ya mwisho kwa yule mwenye kinu cha posho."

Presha ilikuwa juu. Muuguzi akamwambia, "Mzee, punguza mwili. Kula kidogo, tembea." Gichovi alitoka pale amefura. Hakukasirishwa na presha. Alikasirika kulinganishwa na mwenye kinu, mtu ambaye wakati huo alikuwa akipita mlangoni kwa ubavu.

Haukupita muda, ofisi yao ikapelekwa kwenye semina ya afya katika hoteli moja mjini. Mnazijua semina zetu. Watu hufundishwa ubaya wa sukari huku wakikoroga chai, halafu husindikizwa kwenye meza ya chakula yenye nyama za aina zote isipokuwa ya binadamu. Mtaalamu wa lishe alikuwa binti mmoja mwembamba kutoka Nairobi, na kwa yote niliyosimuliwa, alisema maneno ya busara. Alisema hakuna idadi moja ya milo inayomfaa kila mtu. Wengine hupungua wakila mara tatu, wengine mara mbili, na wengine hukigawa chakula kile kile katika sehemu ndogo ndogo, hata sita, ili njaa isiwazidi nguvu jioni wakaharibu kazi ya mchana kutwa. Jambo kubwa, akasema, ni jumla ya vinavyoingia tumboni kwa siku.

Nyaga, karani aliyefanya kazi na Gichovi, alikuwa ameketi naye bega kwa bega. Aliniambia kwamba wakati huo wahudumu walikuwa wakifunua vyombo kule nyuma, na shingo ya Gichovi ilikuwa imegeuka huko. Katika hotuba nzima ya yule binti alinasa neno moja: sita.

"Mama Kawira," alimwambia mkewe jioni ile, kabla hata hajavua viatu, "kuanzia kesho nakula mara sita."

Kawira ni binti yao, anayefanya kazi kwenye shamba la maua kule Timau. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu.

"Mara sita?" Wanjira akauliza. "Si umeambiwa upungue?"

"Ndiyo hivyo napungua."

"Baba Kawira, sasa unakula mara tatu na hutoshei kwa suruali."

"Kwa sababu ni tatu! Tumbo likikaa muda mrefu linaogopa, linaanza kuweka akiba. Lazima ulizoeshe kupata. Hii ni sayansi. Imetoka Nairobi."

Wanjira hakusomea sayansi, lakini alijua nani angeipika. Kuanzia siku iliyofuata alikuwa akiamka kungali giza. Uji wa wimbi na nduma ndio uliokuwa mlo wa kwanza. Wa pili uliwekwa kwenye chombo cha kuhifadhi joto, chapati na ndengu, wa kula ofisini saa nne. Wa tatu ulikuwa githeri ya mchana. Wa nne, viazi vitamu vya saa kumi, alivipitisha Wanjira mwenyewe mlangoni pa stoo, akikimbia kutoka sokoni na kuniachia mimi kibanda. Wa tano Gichovi aliukuta nyumbani akifika, na wa sita ndio uliokuwa chakula cha jioni chenyewe, pamoja na nyama.

Ni kweli kwamba yule binti alisema sehemu ndogo. Gichovi hakulikataa neno hilo, ila alilipa tafsiri yake. Kwake yeye chakula kidogo kilikuwa kile ambacho bado unaweza kuona ukingo wa sahani. Na ile chai ya ofisini na mandazi yake hakuihesabu popote.

"Hiyo si mlo," alimweleza Nyaga. "Hiyo ni kazi."

"Mzee, hii yako ni dayati ama ni ruracio?" Nyaga akamuuliza, akiangalia vyombo vilivyopangwa juu ya meza ya stoo kama siku ya kupeleka mahari.

Baada ya wiki chache Gichovi alinijia na suruali mbili mkononi, uso umejaa ushindi.

"Mama Njuki, zipunguze hizi. Nimeisha."

Nikachukua tepu nikamzungusha. Nikaangalia. Nikamzungusha tena, polepole, nikitafuta namna ya kusema.

"Baba Kawira, kimeongezeka."

"Nini kimeongezeka?"

"Kiuno."

Akaiangalia tepu kwa jicho lile alilowaangalia nalo watu waliokuja kuomba karatasi. "Hiyo tepu yako imerudi," akasema. "Umeiacha kwa mvua."

Tepu yenyewe ni ya plastiki. Nikazifungua suruali, kama kawaida.

Hata hivyo kitu kilimchoma, kwa sababu aliiacha ile sayansi ya Nairobi ghafla, akaanza kumlaumu yule binti mwembamba kwamba alitumwa kuwaharibu watu wa Embu. Nyaga, ambaye hupenda kuona mambo yakiendelea, akamwambia kuna watu wengine wanakula mara moja tu kwa siku na wamekonda kama fito. Gichovi akaona hapo ndipo ukweli ulipokuwa umefichwa. Kama sita zimenenepesha, basi moja itakondesha. Hesabu ya namna hiyo haina mahali pa kuingilia swali.

Sasa mchana kutwa hakula. Wale waliokuwa na shida ya vifaa siku hizo bado wanazikumbuka. Dada wa mapokezi alipoomba kalamu, alitakiwa kwanza kueleza ile ya zamani ilikufaje. Karatasi ya choo ilitolewa kwa vipande. Jioni ilipofika, Gichovi alishuka kutoka ofisini kwa mwendo ambao muuguzi angefurahi kuuona, moja kwa moja hadi mezani, na mezani alitaka akute vyote: ugali, mukimo, ndizi za kupika, nyama, chapati, na uji wa kuteremshia. Ile milo sita ilikuwa haijaenda popote, ilikuwa imeamua kuja yote kwa wakati mmoja kama ndugu kwenye mazishi. Alikula mara moja, ndiyo. Mara hiyo ilianza saa kumi na mbili na kumalizika taarifa ya habari ya saa moja ilipokwisha.

Kibaya zaidi, njaa ya mchana ilimpa utakatifu. Aliyeshinda na njaa kwa hiari yake huona wengine wote ni walafi. Siku za Jumamosi akiwa nyumbani alimkataza Wanjira kupika mchana, eti harufu inamjaribu. Wanjira akawa anakuja kula ndizi nyuma ya cherehani yangu, amenipa mgongo, kama mwizi.

"Si ule tu kwako?" nikamuuliza.

"Anasikia ganda likimenywa, Mama Njuki. Ako na masikio kama ya sungura."

Kisha ikaja ile Jumapili. Baada ya ibada akina mama walikuwa wameandaa chakula nje, chini ya hema, kwa ajili ya wageni wa dayosisi. Wanjira alikuwa kwenye sufuria ya pilau, upawa mkononi. Watu walipanga mstari. Gichovi hakuchukua sahani. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akikagua sahani za wengine zikipita, kama askari wa barabarani anayetafuta gari bovu.

"Mama," alimwambia mwimbaji mmoja wa kwaya, mwanamke mnene na mwenye haya, "hiyo sahani ni ya mtu mmoja ama umebebea na majirani?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kanisani, cha mdomo umefungwa. Yule mama akarudisha kijiko kimoja cha pilau kwenye sufuria. Gichovi, akiwa amenogewa na kicheko kile, akaendelea:

"Msidhani nawaonea. Hata huyu wangu nimeanza kumshughulikia. Amejiachilia sana. Mkimwona kwa nyuma mtadhani ni mzigo wa mitumba unatembea."

Mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nilimwona Wanjira. Huyu ni mwanamke anayebeba yale marobota mgongoni kutoka lorini hadi kibandani, wanaume wa soko wakimpisha njia. Aliuweka upawa juu ya kifuniko, akafuta mikono kwa leso, akaenda kukaa peke yake nyuma ya choo cha wageni. Mke wa pasta akaushika upawa, na mstari ukaendelea. Gichovi hakutambua kitu. Alikuwa bado anakagua.

Jumatatu asubuhi Wanjira alifika kwangu na begi.

"Mama Njuki, niangalilie kibanda. Naenda kwetu Mbeere kumsaidia mama kuvuna ndengu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Ameuliza ni nani atapika." Akaweka begi begani. "Hakuuliza narudi lini."

Siku ya kwanza Gichovi hakuona shida. Embu haikosi hoteli. Aliingia moja wakati wa mchana, akiwa amesamehe kanuni ya mara moja kwa sababu ya dharura, akaagiza nyama ya kukaranga na chapati tatu. Hajamega ya kwanza, sauti ya Nyaga ikavuma kutoka meza ya dirishani:

"Mzee wa mara moja! Hii ndiyo ile ya leo ama ni deni ya jana?"

Hoteli nzima ikageuka. Mezani kwa Nyaga, kwa bahati ambayo nadhani ilipangwa mbinguni, alikuwepo yule mama wa kwaya, naye alikuwa na sahani nzuri mbele yake. Akamtazama Gichovi, akatazama chapati, akatabasamu. Gichovi akafunga chapati zake kwa karatasi, akatoka. Tangu hapo hakuweza kuingia hoteli yoyote mjini. Kiburi kilimfungia milango yote iliyokuwa na chakula.

Ikabaki jikoni kwake. Jioni ile aliweka mahindi makavu na maharagwe motoni akitarajia kula baada ya saa moja. Baada ya saa moja maharagwe yalikuwa yameanza tu kubadilika rangi. Akayala hivyo hivyo, na kesho yake stoo haikufunguliwa. Akajaribu ugali, akapata uji mzito juu na lami chini. Alinijia sokoni, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Njuki, ugali ulioungua unatolewaje kwa sufuria?"

"Loweka."

"Nimeloweka tangu jana."

"Basi sugua."

"Nimesugua."

"Sugua tena, Baba Kawira. Wanjira hufanya hivyo na huwezi kumsikia."

Hapo ndipo Gichovi alipoanza kujifunza lishe kwa mara ya kwanza. Aligundua kwamba kila mlo huja na sufuria yake. Milo sita ina sufuria sita, sahani sita na vikombe sijui vingapi, vyote vikikungoja kwenye karai na kukuangalia. Akiviunganisha kuwa mlo mmoja mkubwa, zile sufuria hazipungui, zinakuja zote pamoja. Aligundua pia kwamba kusonga ugali wa watu watatu kunahitaji mabega, na mabega yake yalikuwa yamezoea uzito wa kalamu. Akasonga mdogo. Sukuma wiki aliyonunua kwa mfuko iligeuka manjano, kwa hiyo akawa anatembea kila jioni hadi sokoni kununua ya siku hiyo tu. Nyama aliiacha kwa sababu ya mafuta, nami sisemi mafuta ya mwilini, nasema yale yanayoganda kwenye sufuria.

Mwishowe alitulia kwenye milo miwili: asubuhi yai na kipande cha nduma, jioni ugali kidogo na mboga. Mchana akisikia njaa alikula ndizi, kwa kuwa ndizi haioshwi. Hakuna mtaalamu aliyempangia hivyo. Ni uvivu uliompangia, na kwa mara ya kwanza uvivu wake ulimfaa kitu. Ndengu zilipokuwa zimekauka vizuri kule Mbeere, mimi nilikuwa nimeshaondoa vile vipande vya rangi inayokaribiana, na suruali bado zilimpwaya.

Jumamosi moja akapanda gari kumfuata mkewe. Haya niliambiwa na Wanjira mwenyewe, na sioni kwa nini nisimwamini.

Aliwakuta yeye na mama yake uani, wanapura ndengu kwa fimbo juu ya turubai. Wanjira alikuwa amenawiri. Siku zote hizo alikuwa akila njaa ikimuuma na kuacha ikiisha, bila kutangaza idadi kwa mtu. Mama mkwe ndiye aliyemwona mgeni kwanza. Akaiacha fimbo.

"Ngai! Gichovi, ni nini imekupata? Ni sukari ama ni mambo ya kazi?"

"Hapana, mama. Nimepungua makusudi."

"Makusudi?" Yule bibi akamgeukia binti yake. "Mtu anapunguka makusudi na mvua imenyesha?"

Gichovi akaomba kuongea na mkewe. Wanjira akamwambia aongee hapo hapo, mama yake si mgeni.

"Nimekuja kukuchukua," akasema.

"Nirudi kupika mara ngapi?"

"Mbili tu! Nimegundua mbili ndiyo dawa. Angalia." Akashika ukosi wa koti akauvuta mbele, kuonyesha nafasi iliyobaki.

"Naona," Wanjira akasema. "Na hizo mbili nani amekuwa akipika?"

"Ni mimi."

"Na kuosha?"

Gichovi akakohoa. "Ni mimi pia."

"Basi usibadilishe dawa inayokusaidia, Baba Kawira. Nikirudi utaendelea nayo vivyo hivyo."

Mama mkwe alicheka mpaka akakalia gunia. Wanjira hakucheka. Aliendelea kupura kidogo, kisha akauliza, "Na lile neno la kanisani?"

"Neno gani?"

Wanjira anasema hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kabisa. Ilibidi amkumbushe, neno kwa neno, hema, upawa na robota la mitumba, mbele ya mama yake. Gichovi akaangalia ndengu.

"Nilikuwa na njaa, Mama Kawira," akasema.

Huo ndio msamaha pekee Wanjira aliowahi kuombwa katika ndoa ile. Aliupokea jinsi anavyopokea shati lililochanika ndani ya robota: unalikunjua, unaangalia kama kuna sehemu ya kufaa. Akamaliza kupura zilizobaki. Alirudi naye siku iliyofuata.

Ningependa kusema kwamba Gichovi alibadilika, na kwa upande wa karai alibadilika kweli. Hadi leo anajipikia asubuhi na jioni, na kuosha chombo chake, na presha imeshuka. Lakini mdomo ulibaki na uzito wake wote. Pasta alimwomba atoe ushuhuda kanisani, naye alipanda mimbarini akazungumza juu ya nidhamu, maombi na kuutawala mwili. Alisema siri ni kula mara mbili kwa siku. Alisema kila mwanamume mwenye nia anaweza. Sufuria haikutajwa. Ndengu hazikutajwa. Wanjira alitajwa mara moja, kama mtu aliyemvumilia.

Wanaume walitoka wamewaka moto. Wiki hiyo hiyo wengi wao waliwatangazia wake zao kwamba sasa ni mara mbili, na iwe tayari kwa wakati, na iwe ya kutosha. Wake wakapika, wakapakua, wakaosha. Nilikuja kuona matokeo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana suruali za waumini wale ni mimi ninayezishona. Zilikuwa zikiletwa kufunguliwa.

Mmoja wao, Ireri mwalimu wa Sunday school, alimuuliza Gichovi mbele yangu ni kwa nini mara mbili zake hazifanyi kazi. Gichovi alimpima kwa macho kutoka kola hadi mkanda, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Nyinyi," akasema, "hamna nidhamu."

Wanjira alikuwa hapo kibandani, akining'iniza gauni. Hakugeuka. Alishika kiango kingine akamuuliza mumewe kama ameshaloweka maharagwe ya jioni.